USUKANI NI AMANA

Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba hawana haja ya kufundishwa maana ya usukani. Neno hilo lilikuwa la baharini kabla gari la kwanza halijatia gurudumu katika nchi hizi. Lilikuwa neno la jahazi, na mtu aliyeushika usukani alijulikana na wote kuwa amebeba roho za watu na mali zao. Gari lilipokuja, Waswahili wakalichukua neno lile lile wakakipa chombo kipya, na pamoja na neno wakaichukua dhamana yake. Leo tumekusudia kuizungumza dhamana hiyo, na mfano tutakaoutumia ni wa kazi ambayo wengi huidhania kuwa ni mchezo wa matajiri tu: kazi ya dereva wa mashindano ya magari, na hasa wale walioshindana katika Safari ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikipita Moshi na miteremko ya Kilimanjaro.

Huenda wako watakaouliza: sisi watu wa visiwa, mashindano ya magari ya bara yatuhusu nini? Jibu letu ni kwamba yatuhusu sana. Vijana wetu wanaojiunga na Jeshi la Polisi hupelekwa Moshi kufunzwa. Wengine husoma ushirika katika chuo kilichoko mji huo huo. Wafanyabiashara wetu hushuka bandarini Dar es Salaam au Tanga wakapanda basi kwenda kaskazini. Barabara ile inabeba watoto wetu kama inavyobeba watoto wa Mchaga na Mpare. Tarehe 28 Juni 2025, pale Sabasaba wilayani Same, katika Mkoa wa Kilimanjaro, basi kubwa na basi dogo yaligongana, moto ukawaka, na watu wasiopungua 38 wakapoteza maisha yao. Taarifa ya serikali ilieleza kuwa tairi la basi lilipata pancha na dereva akashindwa kulimudu gari lake. Na sisi wa visiwani, ambao tuliwazika ndugu zetu baada ya kuzama kwa MV Spice Islander mwezi wa Septemba 2011, na tukarudia kilio hicho hicho kwa MV Skagit mwezi wa Julai 2012, hatuwezi kusema kwamba habari ya chombo na mwenye kukiongoza ni habari ya watu wengine.

Basi na tuanze na historia.

Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953, katika zama za ukoloni, na shabaha yake ya kwanza ilikuwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Wala hatuna sababu ya kulificha hilo. Walioyabuni walikuwa walowezi wa Kenya waliochoka kuzunguka katika uwanja mmoja kama ng'ombe wa kinu, wakataka njia ndefu ya kukatiza nchi. Njia hiyo ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwananchi wa nchi hizi wakati huo nafasi yake ilikuwa ni kusimama kando ya barabara kutazama vumbi, au kuitwa kusukuma gari lililozama katika tope.

Lakini katika mpango ule mlikuwamo jambo moja ambalo baadaye liliufungua mlango kwa watu wengine. Magari yaliyoshindana yalikuwa magari ya kawaida, ya aina inayouzwa dukani, na hapo mwanzo hata makundi yake yalipangwa kwa bei ya gari. Halikutakiwa gari lililoundwa kwa ajili ya mbio peke yake. Lilitakiwa gari ambalo mwalimu, daktari au mfanyabiashara angeweza kulinunua, na ndani yake dereva anayejua kulitunza. Tena mashindano yakapangwa wakati wa Pasaka, maana huo ndio wakati wa masika, ili barabara ziwe katika hali yake mbaya kuliko zote. Kila dereva alipewa muda wa kufika katika kituo, na kila dakika aliyochelewa ikawa ni adhabu. Njia ilikuwa ya kiasi cha kilomita 5,000, na ilimalizwa kwa siku chache, usiku na mchana. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya 90, yakamaliza 7 vile vile.

Katika uwanja huo ndipo alipotokea marehemu Joginder Singh. Alizaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, mtoto wa kwanza katika jamaa ya watoto kumi. Baba yake alikuwa na gereji Nairobi, na kijana Joginder alikua mikono yake imejaa grisi. Hakuanza kwa kushika usukani; alianza kwa kushika spana. Mwaka 1958 aliajiriwa na chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, na kazi yake ikawa ni kuzunguka barabarani kuwasaidia waliokwama. Fikirini, ndugu wasomaji, ni skuli gani kubwa kuliko hiyo! Mtu ambaye riziki yake ya kila siku ni magari yaliyoshindwa, hujua kila kinachoweza kulishinda gari. Anajua springi inavunjika wapi, anajua maji yakiingia katika umeme wa injini yatakaushwa vipi, anajua tope la namna gani hupitwa kwa kasi na la namna gani hupitwa kwa taratibu.

Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia katika Safari na gari aina ya Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikwisha kufanyishwa kazi ngumu na wengine, nao wakalifungua na kuliunda upya kwa mikono yao wenyewe. Waliondoka wa kwanza, na walishinda kwa zaidi ya saa nzima mbele ya aliyewafuata. Makampuni makubwa ya Ulaya yaliyoleta mafundi, vipuri na fedha yakabaki nyuma ya watoto wa mwenye gereji. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976, mara zote mbili katika Mitsubishi Lancer. Watu wakampa jina la Singasinga Arukaye, na wengine wakamwita Simba. Alifariki London mwezi wa Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Lakini hesabu yake inayotushangaza zaidi si ya ushindi huo mara tatu. Aliingia katika Safari mara 22, na akaimaliza mara 19. Katika mashindano ambayo mwaka mwingine magari 7 tu ndiyo yaliyofika mwisho, mtu huyu alifika karibu kila alipoondoka. Waswahili husema usione vyaelea, vimeundwa. Kila alichokivuna barabarani alikwisha kukipanda gerejini.

Na sasa tuje Moshi. Mlima Kilimanjaro una kimo cha mita 5,895, na mji wa Moshi umekaa miguuni pake katika mwinuko usiofika mita 1,000. Kutoka mjini hadi Marangu ni mwendo wa kiasi cha kilomita 40, lakini katika mwendo huo mfupi dereva hupanda mamia ya mita na kukutana na nchi mbili mbalimbali. Chini ni tambarare ya joto, vumbi na udongo ambao wakati wa mvua hugeuka kuwa gundi. Juu ni vihamba vya migomba na kahawa, mifongo inayopitisha maji kando ya njia, na udongo mwekundu ambao ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Mito inayoshuka kutoka mlimani imechimba mabonde marefu, kiasi kwamba anayetaka kukata mlima kwa ubavu, kutoka Kibosho kwenda Uru na Moshi ya Kale, hushuka na kupanda, akashuka tena na kupanda tena.

Safari ilipoingia upande wetu, katika miaka kadhaa ilishika njia ya Arusha na Moshi, kisha ikaelekea Upareni na Usambara hadi pwani. Katika nchi ya namna hii kasi peke yake haikumsaidia mtu. Dereva aliyekuja mbio kutoka tambarare, akafika katika mteremko na kukanyaga breki mfululizo, alikuta breki zimeshika moto na hazishiki tena. Dereva mwenye elimu alibadilisha gia kabla ya mteremko, akaiacha injini yenyewe ilizuie gari, breki akaziweka akiba kwa ajili ya kona. Alipofika katika mto uliofurika, alishuka akayatazama maji kabla ya kuyaingia. Na wiki kadhaa kabla ya mashindano, alikuwa amekwisha kuipita njia hiyo taratibu, yeye na msoma ramani wake, wakiandika kila daraja, kila korongo na kila kona inayodanganya. Siku ya mashindano watu waliona gari likipita kama mshale. Hawakuziona siku nyingi za kwenda pole zilizoizaa kasi hiyo.

Tanzania nayo ilikuwa na bingwa wake. Bert Shankland, mzaliwa wa Uskoti aliyefanya maskani na kazi yake nchini kwetu, akiwa pamoja na Chris Rothwell, alishinda Safari mwaka 1966 na akashinda tena mwaka 1967, mara zote mbili katika Peugeot 404. Mwaka ule wa 1966 ni magari 9 tu yaliyofika mwisho. Ushindi wa 1967 ulipatikana wiki chache tu baada ya kutangazwa kwa Azimio la Arusha, na gari lililoshinda lilikuwa ni lile lile ambalo wananchi waliliona kila siku likibeba abiria na mizigo. Mwaka 1971 Shankland alimaliza wa tatu, safari hiyo katika Peugeot 504. Mwaka uliofuata, 1972, mashindano yalianzia na kumalizikia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland akawa mgeni wa kwanza kuwashinda wenyeji.

Tusimsahau Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda mwaka 1945. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, jamaa yake ikapoteza makao, naye akahamia Kenya. Mwaka uliofuata, 1973, aliishinda Safari katika Datsun 240Z. Ushindi huo haukupatikana kwa urahisi, maana yeye na Harry Källström wa Sweden walilingana kabisa katika hesabu ya adhabu, ikabidi itazamwe ni nani aliyekwenda mbali zaidi bila ya kosa. Dakika moja tu ya uzembe ingempokonya ushindi. Kisha Mehta akashinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Mwaka 1987 ajali katika mashindano ya Misri ilimkomesha udereva, akaendelea kuutumikia mchezo huo katika uongozi wa kimataifa hadi kufa kwake mwaka 2006. Na baadaye Mwafrika aliyewahi kusimama kando ya barabara kutazama vumbi la wengine naye akaingia ndani ya gari: Patrick Njiru wa Kenya alimaliza wa nne mwaka 1994.

Historia hii ina upande wake wa siasa. Mashindano yaliyozunguka nchi tatu yalihitaji nchi tatu zinazoelewana. Kati ya miaka ya sabini Safari ikabaki Kenya peke yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Miteremko ya Kilimanjaro ikaachwa nje ya mchezo ambao ilikuwa mmoja wa mitihani yake mikubwa. Jumuiya imekwisha kufufuliwa kwa mkataba wa 1999, makao yake makuu yako Arusha, mwendo mfupi tu kutoka Moshi. Na mashindano ya magari ya kale yaliyoanzishwa mwaka 2003 yamevuka mpaka katika miaka kadhaa na kupita tena upande wetu. Safari yenyewe ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukaa nje tangu 2002, lakini kwa njia za Kenya tu. Sisi twaona kwamba viongozi wa michezo na utalii wa nchi hizi wana la kuzungumza katika jambo hili.

Hata hivyo, mashindano si shabaha yetu kubwa leo. Shabaha yetu ni dereva wa kila siku. Kijana wa leo anayeendesha basi dogo kutoka Moshi kwenda Rombo, au gari la abiria kutoka Darajani kwenda Nungwi, aghalabu huiga kutoka kwa bingwa jambo moja tu, nalo ni mbio. Huyaacha yale mengine yote. Haigi ukaguzi wa tairi. Haigi kuijua njia. Haigi kulala kabla ya safari. Haigi kumsikiliza mwenzake aliyekaa ubavuni, bali utingo akisema breki zinanuka hujibiwa kwa muziki kuongezwa sauti. Ilhali bingwa wa kweli, ambaye alikuwa na ruhusa ya kwenda mbio, alikuwa mtu mwoga kwa maana nzuri ya neno hilo: aliiogopa tairi iliyochoka, aliliogopa daraja asilolijua, aliuogopa usingizi. Dereva wa abiria hana hata ruhusa hiyo ya mbio, na nyuma yake wamekaa watu 50 wasio na kofia ngumu wala mkanda wa mashindano. Ikiwa mmoja wao atapotea kwa uzembe, ataulizwa hapa duniani mbele ya sheria, na ataulizwa kesho mbele ya Mola wake, kwani amana haina udogo.

Kwa hivyo tunayo machache ya kuwaambia wenye madaraka.

La kwanza ni ukaguzi. Gari la mashindano lilikaguliwa kabla ya kuondoka na kila lilipopata nafasi njiani. Gari la abiria halistahili kidogo kuliko hilo. Ukaguzi wa kutazama stika ya kioo cha mbele na kuacha tairi za nyuma ni ukaguzi wa karatasi, na karatasi haizuii gari katika mteremko. Ofisa anayepokea chochote ili gari bovu lipite, na atambue kwamba ameuza roho za watu asiowajua.

La pili ni leseni. Joginder Singh alikaa miaka katika gereji na barabarani kabla jina lake halijatajwa. Leseni ya kubeba abiria nayo iwe ni matunda ya mafunzo na mtihani wa kweli, wenye mteremko, mvua na usiku ndani yake, na isiwe bidhaa ya kununuliwa dirishani.

La tatu ni mafundi wetu. Chini ya miembe ya Moshi na katika vichochoro vya Mwanakwerekwe wamo vijana wanaoweza kuifungua injini na kuifunga wakiwa wamefumba macho, lakini hawana cheti wala anayewatambua. VETA upande wa bara ina mpango wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini, na kwetu iko Mamlaka ya Mafunzo ya Amali yenye vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji. Tunaomba milango hiyo ifunguliwe zaidi, ili fundi apate heshima yake na dereva apate elimu ya ufundi. Dereva asiyejua chombo chake ni sawa na nahodha asiyejua kushona tanga.

La nne ni mapumziko. Kanuni ya madereva wawili katika safari ndefu isibaki katika maandishi. Tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, jambo hili limekuwa zito zaidi. Mwenye basi anayemfanyisha dereva mmoja kazi ya wawili anajitafutia faida ndogo katika hatari kubwa.

Na kwetu visiwani, ambako barabara mpya za lami zinaendelea kujengwa Unguja na Pemba, tusidhani kwamba lami ni dawa. Barabara mbovu humlazimisha mtu kwenda pole. Barabara nzuri humwachia yeye mwenyewe achague. Hapo ndipo tabia ya dereva inapojulikana.

Wananchi nao wana wajibu wao. Wazee wetu walipopanda jahazi na kuona limejazwa kupita kiasi, waliokuwa na busara walishuka wakangoja upepo wa kesho. Abiria wa leo na awe na ulimi wa kusema, na asiposikilizwa awe na miguu ya kushuka. Na dereva anayekwenda kwa adabu tusimkebehi kuwa anachelewesha watu. Tumshukuru, maana katika mashindano yale magumu ya masika, magari mengi yaliyoanza kwa kelele yaliachwa makorongoni, na mbele ya kituo cha mwisho wakasimama wale wachache waliojua kulichunga gari, kuichunga njia na kuzichunga nafsi zao.